KIPANDE KIMEHAMIA JANGWANI

Ndugu wanachama, na ndugu wafanyakazi wote wa Njiru, Ruai, Kayole na Dandora,

Jumapili moja tulialikwa katika ukumbi mmoja hapa Njiru, karibu na barabara ya Kangundo, tusikilize habari za safari. Bwana mmoja mwenye nafasi yake alikuwa amerudi kutoka Qatar, alikotembea siku sita. Alikuja na picha, akazionyesha ukutani. Vijana walijaa mpaka madirishani.

Bwana huyo alisema mambo matatu. La kwanza, kwamba Qatar ni nchi ya jangwa iliyojengwa ikapita Ulaya, na hata hivyo watu wake hawakuacha mila za babu zao. La pili, kwamba sisi Wakenya twapaswa kuiga. La tatu alilisema akicheka: kwamba kule hakuna vyama vya kelele wala migomo, na hiyo ndiyo siri ya maendeleo yao. Alipomaliza, watu wakapiga makofi. Nje, mlangoni, alikuwapo mtu mwingine na fomu za kuandika vijana kazi. Aliandika wengi jioni ile.

Sisi wa tawi hili hatukumjibu siku ile, kwa sababu tulikuwa wageni katika ukumbi wa watu. Leo twamjibu katika karatasi yetu wenyewe.

Wala hatujibu kwa habari za kusikia. Baadhi yetu tulikuwa vibarua katika ujenzi wa reli mpya. Reli ilipofika Naivasha mwaka 2019, kazi ikakwisha, na kila mtu akaambiwa ashike njia yake. Njia yetu ikatupeleka Qatar, tukawa askari walinzi wa milango. Tulikaa miaka mitatu, tukarudi baada ya Kombe la Dunia la 2022, na sasa tumo tena katika gengi ya njia ya reli. Bwana yule aliiona Qatar siku sita. Sisi tulisimama kwenye malango yake miaka mitatu.

ALIYOSEMA KWELI

Mtu wa haki huanza kwa kukubali lililo kweli. Nchi ile ni ya ajabu. Watu wa zamani zao walikuwa wavuvi, wafugaji wa ngamia na wazamiaji wa lulu. Mafuta yaligunduliwa huko kabla tu ya mwaka 1940, uhuru kutoka kwa Mwingereza wakaupata mwaka 1971, na gesi ikawafanya matajiri kupita kiasi. Leo mjini Doha kuna duka kubwa lenye mfereji wa maji ndani yake, na watu hupanda mashua humo kwa kujifurahisha. Sisi tunaonunua maji kwa mtungi wa lita 20 hapa Njiru tulisimama kando ya mfereji ule bila kusema neno.

Ni kweli pia kwamba mila wanazo. Katika soko lao la zamani, Souq Waqif, utasikia harufu ya ubani na iliki, utapewa kahawa chungu katika kikombe kidogo pamoja na tende, kama kwa ndugu zetu wa Lamu na Mombasa. Hata neno letu soko ni ndugu wa neno lao. Uwanja wa mpira wa Al Bayt, uliofungua Kombe la Dunia tarehe 20 Novemba 2022, umejengwa kwa mfano wa hema la mabedui. Uwanja mwingine, Al Thumama, una umbo la kofia, ile kofia ya nyuzi ambayo hata wazee wa Pumwani huvaa. Hilo ni jambo zuri. Hatumwonei wivu mtu kwa kupenda kofia ya babu yake.

Na sisi, kwa kuwa ni watu wa reli, tulitazama reli yao kwanza. Treni ya Doha iitwayo Metro ilianza kubeba abiria mwezi wa Mei 2019. Ina njia tatu, na haina dereva kabisa; yajiendesha kwa mitambo. Siku ya mapumziko tulilipa riyali 2, tukasimama mbele kabisa kwenye kioo, kama watoto, tukitazama njia inavyotujia. Lakini hata humo tuliona behewa la watu wa dhahabu, ambalo nauli yake ni riyali 10, na behewa la watu kama sisi. Wazee wetu waliosafiri daraja la tatu wakati wa Mwingereza wangelitambua behewa lile mara moja.

MILANGO MIWILI

Basi kosa la yule bwana liko wapi? Kosa lake ni kudhani kwamba mlango alioingilia yeye ndio watakaoingilia vijana aliowahubiria.

Katika nchi ile mna watu kama milioni tatu. Wenyeji ni kama mmoja tu katika kila kumi. Waliobaki ni watu wa Nepali, India, Bangladeshi, Pakistani, Ufilipino, Kenya, Uganda na kwingineko, na wengi wao ndio wajengao, wafagiao, wapikao, waendeshao magari na walindao. Mgeni hutua, hupokewa kwa maua na kahawa, hupelekwa jangwani kutazama jua likizama mchangani. Mfanyakazi hutua usiku uleule, katika ndege ileile, lakini hupangwa mstari mwingine. Sisi tulisimama katika mstari huo. Mtu wa kampuni alikuja na mfuko, akakusanya pasipoti zetu kama mtu anayekusanya tikiti mwisho wa safari. Sheria ya nchi ile ya mwaka 2015 yakataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi. Sisi hatukuijua sheria hiyo, na yule mwenye mfuko hakutusomea.

Tulikuwa tumeilipa ofisi moja mjini Nairobi shilingi 120,000, pesa za kuuza ng'ombe na za mkopo wa shemeji, ili tupate kazi ambayo mfanyakazi hapaswi kuilipia. Mshahara uliotajwa Nairobi haukuwa ule tulioukuta Doha. Saa tulizoambiwa ni 8 zilikuwa 12. Tulilala wanane chumba kimoja, mbali na taa zile za kwenye picha. Miezi 14 ya kwanza tulifanya kazi ya kulipa deni la kuipata kazi.

Sasa sikieni habari ya kozi. Kozi ni ndege wa kuwinda, na kwao ni mila kubwa kumfuga. Katika Souq Waqif kuna hospitali nzima ya ndege huyo, safi, yenye madaktari. Na katika nchi za Ghuba kozi hupewa pasipoti yake, yenye namba, asafiri nayo na mwenyewe bila taabu. Hatumchukii ndege. Twasema tu kwamba mmoja wetu alilinda zamu ya usiku karibu na mahali pale, pasipoti yake mwenyewe ikiwa imefungiwa katika kabati la mtu, na hakuna mgeni aliyepiga picha ya kabati lile.

HIKI NI KIPANDE

Mfumo tunaousema huitwa kafala. Maana yake ni kwamba mgeni mfanyakazi huingia nchini chini ya mdhamini, naye mdhamini ni mwajiri wake. Kwa miaka mingi mfanyakazi hakuweza kuhamia kazi nyingine bila ruhusa ya mdhamini, wala kutoka nchini bila ruhusa yake. Akiondoka kazini bila ruhusa, hushtakiwa kwamba ametoroka.

Ndugu, haya ni mageni kwetu? Waulizeni wazee. Sheria ya kipande ilitungwa hapa Kenya mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba karatasi ya alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati, shingoni. Humo bwana aliandika siku ya kuanza kazi, mshahara, na siku ya kumaliza. Bila bwana kutia sahihi, hukuweza kwenda kwa bwana mwingine. Ukiondoka, ulikuwa mtoro, na polisi walikutafuta. Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, na tarehe 16 Machi 1922 wakapigwa risasi. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 21.

Mtu aliyekufa siku ile akifufuka leo, aelezwe habari ya mdhamini, sahihi na kosa la utoro, atasema: Hiki ni kipande. Kimetoka shingoni kikaingia katika kabati la kampuni. Kimevuka bahari kikahamia jangwani. Na mjukuu wake sasa hulipa shilingi 120,000 akivikwe.

ATI HAKUNA MIGOMO

Sasa twaja kwenye lile lililotuuma zaidi, kwamba nchi ile imeendelea kwa sababu haina vyama wala migomo.

Kwanza, si kweli kwamba wafanyakazi wa huko wamenyamaza. Mwezi wa Agosti 2022, miezi mitatu tu kabla ya Kombe la Dunia, wafanyakazi waliandamana mjini Doha kwa sababu ya mishahara isiyolipwa. Serikali yao yenyewe ilikiri kwamba baadhi walikamatwa na kurudishwa makwao. Sheria yao ya kazi ya mwaka 2004 huwaruhusu wenyeji tu kuunda vyama vya wafanyakazi. Mgeni, ambaye ndiye anayeshika koleo, haruhusiwi. Kwa hiyo ule ukimya ambao yule bwana aliusifu ni ukimya wa mtu aliyezibwa mdomo.

Kijana Mkenya, Malcolm Bidali, alikuwa askari mlinzi huko kama sisi. Aliandika kwa jina la kujificha kuhusu vyumba vya kulala na maisha ya walinzi. Mwezi wa Mei 2021 alikamatwa, akafungiwa peke yake karibu mwezi mzima, kisha mahakama ikamtoza faini ya riyali 25,000. Alichokuwa nacho mkononi ni simu na ukweli wake. Siku zile sisi tulifuta jumbe katika simu zetu, twakiri, kwa hofu. Hatuoni haya kusema hivyo, ila twaona haya kumsikia mtu akiuita woga ule maendeleo.

Pili, mambo yaliyotengenezwa huko hayakutengenezwa kwa huruma ya matajiri. Mwaka 2014 wajumbe wa wafanyakazi walipeleka mashtaka juu ya Qatar mbele ya Shirika la Kazi Duniani. Vyama vya wafanyakazi wa ujenzi vya dunia vikapiga kelele, kelele hizohizo ambazo yule bwana hazipendi. Serikali ya Qatar ikakubali kubadilika. Shirika likafungua ofisi Doha mwaka 2018. Kati ya mwaka 2018 na 2020 wafanyakazi walio wengi waliondolewa sharti la kuomba ruhusa ya kutoka nchini. Mwaka 2020 ikatungwa sheria ya kumwezesha mfanyakazi kuhamia kazi nyingine bila barua ya mwajiri. Machi 2021 kima cha chini cha mshahara kikawa riyali 1,000 kwa mwezi kwa watu wote, pamoja na 500 za nyumba na 300 za chakula kama mwajiri havitoi. Mwaka huohuo kazi ya juani ikakatazwa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana, tangu tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba.

Sisi tulikuwapo, tuliona tofauti. Saa nne ilipofika, wenzetu wa ujenzi walishuka ngazi, wakalala kivulini. Lakini kosa la utoro halikufutwa, na mfuko wa pasipoti haukuacha kuzunguka. Sheria iliyo kwenye karatasi bila chama cha kuisimamia ni kama reli bila gengi: huonekana imenyooka, mpaka siku gari litakapoanguka.

Na sisi watu wa reli twajua hesabu ya kazi isiyo na msemaji. Reli ya Uganda ilijengwa kutoka Mombasa hadi ziwani kati ya mwaka 1896 na 1901. Wahindi 31,983 waliletwa kwa mikataba. Kati yao 2,493 walikufa na 6,454 wakarudi makwao wagonjwa na vilema. Mabwana waliisifu reli ile kama yule bwana anavyosifu minara ya Doha. Hawakuwa na picha ya makaburi. Mshahara wetu haukuanza kupanda kwa sifa hizo. Ulianza kusogea wafanyakazi walipogoma Mombasa mwezi wa Januari 1947, watu wapata 15,000, na wa reli walikuwa miongoni mwao. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa mwaka huohuo, akapelekwa mbali Baringo. Leo katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Kifungu hicho kililipiwa na watu kama hao. Asije mtu wa siku sita akakiuza ukumbini.

MILA IPI?

Watasema: Mnazitukana mila za watu. Hapana. Twauliza, mila ipi?

Wazamiaji wa lulu wa zamani walikuwa wadeni wa nahodha wao. Walikopa chakula kabla ya msimu, wakazama baharini kulipa, na deni likabaki mwaka hata mwaka. Wengine walikuwa watumwa, na wengi wa hao walitoka katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952. Wala haya hayasemwi na maadui zao. Wameyaandika wao wenyewe katika nyumba ya makumbusho iitwayo Bin Jelmood, mjini Doha, iliyofunguliwa mwaka 2015. Twawapa heshima kwa hilo. Nchi nyingi zimeficha. Tulikwenda humo siku ya mapumziko, tukatoka kimya, kisha tukapanda basi la kampuni.

Na jambo jingine. Zamani katika mashindano ya ngamia walipandishwa watoto wadogo, wengi wao wa maskini wa nchi nyingine, kwa sababu ni wepesi. Watu walisema ni mila. Mwaka 2005 Qatar ikakataza. Sasa juu ya mgongo wa ngamia hukaa mashine ndogo, na mwenye ngamia humfuata kwa gari akiiamuru kwa mbali. Je, mashindano yalikufa? Bado yako, na watu hufurahi kama kwanza. Basi jambo hili lajibu lenyewe: ukiondoa dhuluma, mila haifi. Kahawa itabaki chungu, tende zitabaki tamu, na hema litabaki hema, hata kama mfanyakazi amekaa na pasipoti yake mfukoni.

TUSIJISAFISHE

Tusinyooshe kidole jangwani tu. Aliyetuuza kwanza alikuwa Mkenya, katika ofisi yenye bendera ya Kenya mezani. Na hapa Njiru wako watu wenye msichana wa kazi alalaye jikoni, asiye na siku ya mapumziko, na mshahara wake wa miezi mitatu haujalipwa. Wengine ni wanachama wetu. Ndugu, ukimshikia mtoto wa mwenzako mshahara, wewe ni mdhamini tu usiye na mafuta. Na katika reli yetu wako vibarua wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, mwaka baada ya mwaka, wasiothubutu kuuliza neno. Huko nako kipande kina ndugu zake.

Wala hatuwaambii vijana wasiende. Mtoto hana kazi, baba hana shamba, kodi ya nyumba haingoji. Tulikwenda kwa sababu hiyo, na wako waliojenga nyumba kwa pesa za huko. Twawaambia waende wakiwa wamefungua macho, wala wasiende mmoja mmoja gizani.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo sisi wa tawi hili twasema hivi:

1. Kijana asitie sahihi mkataba asiousoma. Aulete kwenye tawi siku ya Jumamosi. Tutausoma naye neno kwa neno, na nakala itabaki kwetu.

2. Asitoe shilingi hata moja kabla ya kuuliza kama ofisi ile ina leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Apewe stakabadhi. Asiyetoa stakabadhi ni mwizi, hata akivaa tai.

3. Nakala ya pasipoti ibaki nyumbani na kwenye tawi, pamoja na jina la kampuni, namba ya simu na mahali pa kulala.

4. Serikali yetu iweke maofisa wa kazi wa kutosha katika balozi za Ghuba, wanaotoka ofisini kwenda kwenye mabweni. Ikipokea kwa furaha pesa ziletwazo na watoto wetu, ipokee na malalamiko yao.

5. Vyama vya Kenya vishikane na vyama vya Nepali, India na Ufilipino. Waajiri wa Ghuba hutupima mmoja dhidi ya mwingine, nani atakubali kidogo zaidi. Sisi nasi tupeleke neno moja.

6. Wanachama wenye wafanyakazi majumbani mwao walipe mishahara yao mwisho wa mwezi huu. Tutauliza katika mkutano, na tutawataja waliokataa.

Na kwa yule bwana twasema: Karibu tena Njiru. Picha zako zilikuwa nzuri, ila katika ile uliyopigwa mbele ya jumba la makumbusho, nyuma ya bega lako, amesimama askari mlinzi mweusi mwenye kofia. Wewe hukumtaja. Sisi twamjua amesimama saa ngapi, twajua analala wapi, na twajua pasipoti yake iko katika kabati la nani. Siku utakapotueleza habari zake, hata sisi tutapiga makofi.

Umoja ni nguvu.

Sisi wanachama wa gengi ya njia,
Tawi la Njiru.